Bwana Se

Juzi fundi alifungua mfuko wa saruji uani kwangu, nami nikalazimika kuketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kama mgonjwa. Hakuna kilichonigonga. Ilikuwa harufu tu, ile ya karatasi ya kaki na vumbi la saruji, kavu, inayokwaruza pua. Fundi akasimamisha koleo lake, akaniuliza, "Maman, iko sawa?" Nikamwambia iko sawa, aendelee kukoroga. Uongo mtupu. Wakati ule nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza na nimekumbatia kitabu.

Mliosoma shule za msingi huku Rusizi, Rwanda, wakati wetu mtanielewa. Kitabu cha shule hakikuletwa nyumbani kikabaki uchi. Kilivikwa jalada, na jalada la sisi tusiokuwa na kitu lilikuwa karatasi ya mfuko wa saruji, ile ya tabaka la katikati ambayo haikuguswa sana na unga. Maman aliikung'utia mlangoni, akaipangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, akaikunja pembe zote huku ameuma ulimi. Kitabu kikatoka mikononi mwake kinene na kigumu, kama mtoto aliyevalishwa koti la mkubwa. Lakini vumbi la saruji halitoki hivihivi. Ukikifungua kitabu, harufu inakuwahi kabla ya herufi.

Chenyewe kilikuwa chembamba, kurasa chache na picha kubwa. Kilikuwa kimoja cha vile vitabu vya hadithi vya kujifunzia kusoma kwa sauti za herufi. Kila kitabu kina sauti yake, na maneno ya ndani yamechaguliwa ili mtoto akutane na sauti ile mpaka imkinai. Changu kilikuwa cha sauti ya s. Kiliandikwa kwa Kinyarwanda, na Kinyarwanda mimi sikukijua.

Tulikuwa tumevuka kutoka Bukavu, si zamani. Maman ni Mnyarwanda aliyezaliwa na kulelewa Kongo. Papa ni Mushi, wa Bukavu tangu babu wa babu yake. Nyumbani tulisema Kiswahili, na sikuwahi kusikia kwamba kuna tatizo. Kisha ndugu za papa wakaanza kumwita maman "ule Munyarwanda", hata mbele yake, hata akiwa anawapakulia chakula, na papa akawa mtu wa kutazama sahani yake. Siku moja maman alinivalisha nguo moja juu ya nyingine, tukashuka hadi darajani, tukavuka, tukapanda hadi Gihundwe kwenye chumba alichopewa na kaka yake. Papa hakuja nasi.

"Atakuya," maman alisema.

Nikauliza lini. Nikauliza tena kesho yake, na keshokutwa. Niliuliza mpaka siku moja, akiwa ameinama anapuliza makaa, akanijibu bila kugeuka, "Ukisha juwa kusoma, papa yako atakuya kukusikiliza."

Siku hizi nami ni mzazi, najua sentensi kama ile inatoka wapi. Inatoka kwenye uchovu. Lakini mtoto hajui kupima maneno ya aliyechoka. Mimi niliyapokea kama mkataba. Nikijua kusoma, papa atakuja. Na kuja, kwa akili yangu, kulikuwa kuja na koti lake na redio yake, na kulala, na kuamka hapo. Nilimwomba hata mjomba apigilie msumari ukutani wa kutundikia koti la papa. Mjomba akapigilia bila kuniuliza ni wa nini.

Shuleni nilikuwa kama bubu. Nilijua ngwino, yaani njoo, nilijua oya, hapana, nilijua amazi, maji, basi. Wakati wa mapumziko watoto walinizunguka wapate kunisikia nikikosea, kisha wakachoka na mimi, wakaenda kucheza. Ila kulikuwa na jambo moja nililoliweza. Mwalimu wetu, Madamu Speciose, mama mpana mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alikuwa ametundika ukutani karatasi kubwa ya silabi: sa, se, si, so, su, na nyingine chini yake. Alisimama kando na kuuliza, "Sa iri he?" Yaani, sa iko wapi? Mtoto anakwenda, anaweka kidole. "So iri he?" Mwingine anakwenda. Mchezo huu haukuhitaji kuelewa kitu chochote, na mimi nikawa bingwa wake. Herufi hazikujua kwamba nimetoka Kongo. Niliweka sauti kando ya sauti, zikashikana, na siku si nyingi nilikuwa nasoma sentensi nzima na darasa linanipigia yale makofi ya mpangilio. Nilisoma kama kasuku, na kasuku akasifiwa.

Hadithi ilikuwa ya mtoto anayeitwa Sano na mwanamume mwenye kofia anayeitwa Se. Ndivyo nilivyoisoma. "Sano asoma. Se asana inzu." Kwenye picha Sano ameshika kitabu, na mwenye kofia yuko juu ya ngazi na nyundo mkononi. Nikaamua kwamba Bwana Se ni fundi aliyekuja kutengeneza paa kwa akina Sano. Ukurasa wa mwisho walikuwa wanatembea wameshikana mikono, wote wawili wana paji pana la uso na masikio yaliyosimama, na chini imeandikwa: "Sano asa na se." Hapo Kiswahili changu kikanidanganya vizuri kabisa. Na niliijua, na ni na. Sano anafanya kitu fulani na Se. Kwa kuwa walikuwa wanatembea, nikaamua kitu chenyewe ni kutembea na mtu ambaye si wa kwenu lakini ana moyo mwema. Niliona pia kwamba se ya mwisho haikuanza kwa herufi kubwa kama jina la Sano. Nikafikiri ni kwa sababu yule alikuwa fundi tu.

Asiyejua maana haambiwi maana, wahenga walisema, na kwangu walipatia. Sikumuuliza mtu. Wala hakuna aliyeniuliza mimi, kwani nilikuwa nasoma vizuri.

Maman alimtumia papa habari kwa mama mmoja mchuuzi wa nyanya aliyevuka kila siku, na papa akaja Jumamosi kwa jetoni, kile kikaratasi cha kuvukia kwa siku moja tu. Tulimpokea upande wetu wa daraja, tukaketi kwenye kibanda cha chai na maandazi. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaninusa utosini kama alivyozoea. Yeye na maman walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya hospitali.

"Riziki," papa akasema, "banasema unajua kusoma. Soma basi, nisikie."

Nikafungua kitabu. Sijawahi tena kusoma vile, hata kanisani siku ya harusi yangu nilipopewa somo. Niliitoa kila sauti kwa ukamilifu wake. Malori yalipita yakinguruma, mwenye chai akapunguza redio yake bila kuombwa, na papa akafumba macho na kutikisa kichwa polepole. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilikuwa nimeujua kwa moyo, kwa hiyo niliinua macho nikamwambia usoni: Sano asa na se.

"Eeh! Mwana wani!" Yaani mwanangu, kwa Kimashi chake cha furaha. "Unasoma sawa padiri!" Kisha akafumbua macho. "Na inasema nini?"

"Siyui, papa. Ninasoma tu."

Alicheka mpaka akajipangusa machozi. "Ata mimi siyui. Tuko babili." Akamgeukia maman. "Mama Riziki, inasema nini ile ya mwisho?"

Maman alikuwa ameshika kikombe. Hakukipeleka mdomoni wala hakukiweka mezani.

"Ni bintu ya batoto tu," akasema. "Kunywa chai, itapoa."

Papa akanywa chai. Waliongea kidogo mambo ya watu niliowafahamu, nani anaumwa, nani amejenga. Jua liliposogea papa alisimama, nami nikamshika mkono nikamwelekeza upande wa kupanda, upande wa Gihundwe. Yeye akanigeuza taratibu upande wa daraja. Nikadhani amepotea njia, kwa sababu hakuwahi kufika kwetu.

"Papa, ni huku. Tulisha weka musumari."

"Musumari ya nini?"

"Ya koti yako."

Papa alimtazama maman. Maman alikuwa anahesabu maandazi yaliyobaki kwenye sahani kana kwamba ni yake. "Nitakuya, mwana wani," papa akaniambia, akashuka. Nilimfuata kwa macho mpaka kichwa chake kikachanganyika na mabeseni ya wanawake waliokuwa wanarudi ng'ambo.

Nilitafuta kosa lilikuwa wapi. Nilikuwa nimetimiza upande wangu wa mkataba, na papa amekuja kweli, amesikiliza kweli, halafu ameondoka. Lazima nimesoma vibaya mahali. Na kosa nikaliona. Madamu alikuwa ameshanikanya: "asana" ya kwenye paa ni neno moja, lakini "asa na" ya ukurasa wa mwisho ni maneno mawili, acha nafasi katikati. Mimi pale kibandani, kwa furaha, nilikuwa nimeyameza kwa pumzi moja. Basi wiki nzima nikakaa mlangoni nafanya mazoezi ya nafasi. Asa. Na. Se. Asa. Na. Se. Maman alikuwa anachambua maharage, na mara akanifokea, "Riziki, wacha ile kitabu!" Sikumwelewa hata kidogo. Yeye ndiye aliyesema nisome.

Ijumaa wazazi waliitwa shuleni kuchukua vitabu vya muhula uliofuata. Wengine walikuja baba na mama pamoja, wengine nyanya zao. Maman alikuwa kazini. Mimi nikabaki kwenye dawati na darasa likiwa limejaa watu wazima waliojikunja kwenye viti vidogo. Madamu akaniona, akaniuliza kwa upole, mbele ya wote, "Riziki, so ari he?"

Nilifurahi. Swali hili nalijua. Niliinuka, nikapita katikati ya wazazi hadi ukutani kwenye karatasi kubwa, nikaweka kidole juu ya so. Nikasimama hapo nikingojea makofi.

Kicheko kilichotokea kilitikisa mabati. Baba mmoja alipiga goti lake kwa kiganja. Nikaangalia kidole changu: kilikuwa mahali pake, juu ya so, si juu ya su. Nikakisukuma zaidi, kuonyesha kwamba nina uhakika, na wakacheka zaidi. Madamu hakucheka. Alikuja, akanitoa ukutani kwa bega, akachuchumaa na mwili wake wote ule mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. Akaniambia kwa Kiswahili, na mpaka siku ile sikujua kwamba anakijua:

"Sikiya. Sikuuliza so iri he. Niliuliza so ari he. So ni papa yako. Papa yangu, ninasema data. Papa yako, so. Papa yake, se."

Sauti moja tu, i na a. Nilikuwa bingwa wa sauti na hiyo moja ilinipita.

"Papa yake?" nikauliza.

"Eeh. Se, papa yake."

"Na Bwana Se ya Sano?"

"Bwana gani? Ule ni papa ya Sano."

Nikauliza, na asa je, asa ni nini, si ni kutembea? Madamu akasema hapana, ni kufanana. Sano anafanana na papa yake. Hauone picha?

Niliiona picha. Niliiona hata bila kufungua kitabu, yale mapaji na yale masikio. Kule Bukavu majirani walikuwa hawaniiti Riziki, waliniita "papa mutupu", yaani baba yake kabisa, kwa sababu ya paji hili ambalo hata leo kitambaa cha kichwa hakitulii juu yake. Kwa hiyo pale kwenye kibanda cha chai mimi nilikuwa nimemwambia papa, usoni, kwa sauti ya padri, kwamba mtoto anafanana na baba yake. Yeye hakusikia. Mimi niliyesema sikusikia. Watu wawili tunaopendana tulikaa tukapokezana jambo hilo kama mzigo uliofungwa, na tukacheka. Aliyesikia alikuwa mmoja, naye alisema chai itapoa.

Sikulia kwa kuchekwa. Hasira na matumaini vilinijaa pamoja, na hofu kwamba Jumamosi, siku niliyoamini papa atarudi, haitafika. Nilitaka papa aje mara moja tu zaidi. Nilikuwa na hakika, kwa namna ambayo watu wazima hawawi na hakika tena na jambo lolote, kwamba akijua ile sentensi inasema nini hataweza kuvuka kurudi. Ataweza vipi? Imeandikwa kitabuni.

Jumamosi mchuuzi wa nyanya alituambia tushuke darajani, tunangojewa. Nilimtangulia maman kwa mbio. Kwenye kibanda hakukuwa na papa. Alikuwapo tantine Nsimire, dada yake mdogo, yule ambaye kati ya ndugu wote hakuwahi kumwita maman jina baya. Miguuni pake kulikuwa na mfuko mkubwa wa milia, wa wachuuzi, umefungwa kwa kamba. Zipu ilikuwa imeachia upande mmoja na kupitia hapo niliona sweta yangu, na viatu vyangu, na viatu vyangu vingine ambavyo havikunitosha tangu zamani, na sahani yangu ya bati ya maua. Vitu vyangu vyote. Mtu anayekungojea urudi hakuletei viatu visivyokutosha, hilo hata mtoto analijua. Anaweza kuvihifadhi, au kumpa jirani. Anayevileta anasafisha nyumba.

"Alisema batoto wasikose bintu yao," tantine alimwambia maman. Batoto, wakati nilikuwa peke yangu. Maman akaitikia, "Merci, Nsimire," akaukagua ufungaji wa kamba.

Nikamvuta tantine kitenge. "Tantine, umwambie papa, ile ya mwisho inasema Sano anafanana na papa yake."

"Nani?"

"Sano."

"Sano ni nani, Riziki?"

"Wa mu kitabu. Umwambie tu. Papa anajua."

Tantine alimtazama maman, maman akatazama mto. "Nitamwambia," tantine akasema, kwa ile sauti ambayo watu wazima huitumia kumwambia mtoto kwamba mbwa amekwenda kutembea.

Sijui kama alimwambia. Papa alioa tena kabla ya Pasaka, na nilipokua kiasi cha kuvuka mwenyewe nilikuwa naenda kumsalimia, tunakaa, tunaongea bei ya vitu na maumivu ya mgongo wake. Daraja linafungwa, linafunguliwa, hatuulizwi. Nimewahi kuwa naye chumba kimoja mchana kutwa na sentensi ile iko mdomoni, maneno manne tu, na sikupata mahali pa kuiingiza. Huwezi kumwambia mzee mwenye wajukuu kwamba Sano anafanana na baba yake. Atauliza Sano ni nani.

Siku ile tulipanda kurudi, maman mbele na mfuko kichwani, mimi nyuma yake na kitabu. Pikipiki zilitupita zikipiga honi, maman hasogei. Niliongea na mgongo wake.

"Maman, ile siku papa alikuya, ulisikia yenye nilisoma?"

"Nilisikia."

"Juu ya nini haukumwambia?"

Tulipita maduka, tukapita kona ya hospitali, na mimi nimeshaanza kudhani hatajibu kamwe, aliposimama akautua mfuko kando ya barabara. Alikuwa anahema. Jasho lilikuwa limemshuka mpaka kidevuni na hakulipangusa.

"Ningemwambia, angebaki?"

"Eeh," nikasema haraka. "Angebaki."

"Na kama ningemwambia, akasikia muzuri, na bado anaenda?"

Nilifikiri ni yale maswali ya watu wazima ambayo wanajijibu wenyewe. Lakini alikuwa ananitazama, na alikuwa anangoja. Alingoja kweli, kama Madamu anavyongoja mtoto anyooshe kidole, kana kwamba mimi ndiye niliyejua kusoma na kwa hiyo mimi ndiye wa kumwambia. Nikakikumbatia kitabu.

"Basi," maman akasema. "Nisaidie kutwika."

Nikaweka kitabu chini kwenye nyasi, nikashika upande mmoja wa mfuko, yeye akashika mwingine, tukainua.